Ngozi Iliyosimama Kisimani

Juzi nilikuwa mjini Wote kununua mbegu za ndengu, nikapita mbele ya duka moja jipya lenye kibao cha rangi: Mavazi ya Kitamaduni Yanakodishwa, Harusi na Sherehe Zote. Mlangoni walikuwa wamesimamisha sanamu ya plastiki, ile ya kuonyeshea nguo, haina kichwa wala mikono. Walikuwa wameivika vazi la nailoni ya rangi ya udongo, na kauri za plastiki zimeshonewa kwenye upindo. Watu walikuwa wanapita zao. Mimi nilisimama pale na mfuko wangu wa mbegu. Mwenye duka, msichana mwenye kucha ndefu, akatoka akaniuliza, "Mum, unataka kujaribu? Iko saizi yako." Nikamwambia hapana, asante. Kisha, bila kufikiri, nikamwomba aigeuze ile sanamu itazame ndani. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, usije ukadhani uzee umenipanda kichwani kabla ya wakati.

Nililelewa upande wa Kitui, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka soko la Kanyangi. Nazungumzia miaka ya themanini, ule mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, ambayo mama zetu waliyapika yakatoa harufu ya gunia, na hata mbwa aliyanusa kwanza akafikiria. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kula vizuri. Kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu hadi ngozi yake ikatoka, yakapikwa na mbaazi tangu asubuhi katika chungu kilichokuwa kinanung'unika peke yake jikoni. Kulikuwa na asali. Kulikuwa na uji wa wimbi mchachu ambao ukiunywa ulitembea hadi shuleni bila kuuliza habari ya tumbo. Ule mwaka vyote viliondoka kimoja kimoja, tukabaki na maji. Na maji yalikuwa kisimani.

Mto wetu ulikuwa mto wa mchanga. Mgeni akiuona angesema hapa hamna mto, hapa ni barabara pana imepotea njia. Lakini chini ya ule mchanga maji yalilala mwaka mzima, na mahali pamoja, kwenye kona yenye mwamba, wanawake walikuwa wamechimba kisima tangu zamani ambazo hakuna aliyezijua. Unashuka vidato saba vilivyokanyagwa hadi vikang'aa, unainama, unakwangua kwa kata ya kibuyu, unasubiri maji yajae tena. Sauti ile ya kata ikikwangua mchanga ndiyo sauti ya utoto wangu. Wakubwa walingoja zamu yao wakisokota nyuzi za mkonge mapajani kwa ajili ya vikapu vya viondo, wakisengenya waume zao kwa sauti ya chini, na sisi wasichana tulijifanya hatusikii. Kisha unafunga mtungi mgongoni kwa mukwa, ule mkanda unaopita juu ya utosi, unapanda na shingo imekaza. Hakikuwa na mwenyewe. Kilikuwa kisima cha wamama, basi.

Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita susu, alikuwa mkunga. Alikuwa mwembamba, mweusi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Nusu ya watu wa lokesheni yetu walianguka katika mikono ile. Ukitembea naye sokoni, wanaume wenye ndevu walimpisha njia na kuangalia chini. Nilidhani ni heshima. Baadaye nilielewa kwamba ni vigumu kumtazama machoni mtu aliyekuona ukiwa vile.

Sasa, kulikuwa na mwana wa kijiji aliyekuwa na kazi kubwa Nairobi. Sote tulimwita Mkubwa, hata mama yake. Alikuwa amejenga nyumba ya mabati mekundu ng'ambo ya mto, na ule mwaka wa njaa, wakati wengine walikuwa wanahesabu mbuzi waliobaki, yeye alileta ng'ombe wa gredi na mbegu za vitunguu. Siku moja tukateremka mtoni na mitungi yetu tukakuta seng'enge. Nyaya nne, nguzo mpya zinanuka dawa, zimezunguka kisima chote na mwamba wake, na lango moja lina kufuli. Naibu wa chifu alisema ni mradi wa maendeleo. Pampu inakuja. Tusubiri.

Tulisubiri kwa miguu. Maji mengine yalikuwa nyuma ya kilima, shimo la maji ya chumvi walilokuwa wanakunywa punda, na kwenda na kurudi kulimaliza asubuhi yote. Mama yangu alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wetu wa mwisho, na alikwenda naye kifuani na mtungi mgongoni kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Wiki ya pili maziwa ya mama yalianza kukauka. Tulimpa mtoto uji uliopikwa kwa maji yale ya chumvi, tumbo lake likavimba, akaanza kulia ule mlio mdogo usiotaka kitu. Wewe uliyelea unaujua. Wanawake walikwenda kwa naibu wa chifu mara tatu. Mara ya kwanza aliwasikiliza, mara ya pili aliwaacha wakae juani, mara ya tatu alitoka akiwa anakula.

Ndipo ikaitishwa baraza. Mkuu wa tarafa mwenyewe, mgeni kutoka mbali, angekuja kufungua mradi, akate utepe langoni. Naibu wa chifu alisimama juu ya kiti akatuambia, namkumbuka hadi vifungo vya shati lake:

"Wamama, mgeni anakuja. Nataka nione nguo ya kitamaduni, ile ya ukweli. Si hizi leso zenu. Mcheze mpaka vumbi ipande. Na hiyo maneno ya kisima iishe, sitaki kuisikia tena."

Susu aliinua mkono kutoka pale alipokuwa amekaa. "Ile ya ukweli, Chifu?"

"Ya ukweli kabisa, Susu."

Susu akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kwenye mkonge wake.

Lazima ujue kwamba kikundi cha wanawake kilikuwa na nguo yake ya kuchezea wageni: sketi za makatani na fulana nyeupe, zote sare. Hiyo ndiyo tuliyoijua kama kitamaduni, sisi wa shule. Nguo ya ukweli ilikuwa kitu kingine. Miaka mingi kabla sijazaliwa, mhubiri mmoja aliamuru wanawake walete ngozi zao zote, zile walizoolewa nazo, zichomwe uwanjani kwa kanisa. Moshi ulipanda, mhubiri akafurahi, akaimba. Kumbe vikongwe wetu walichoma magunia na ngozi za mbuzi waliochinjwa juzi. Zile zenyewe zilipanda ghalani, chini ya mtama, zikanyamaza.

Siku tatu kabla ya mgeni, susu aliteremsha yake. Zilikuwa ngozi tatu za mbuzi zilizoshonwa pamoja, kutoka begani hadi chini ya goti, nyeusi nyekundu kwa mafuta ya mbarika na udongo, na kwenye upindo safu ya kauri, na kifuani mikufu myembamba ya shaba. Alikuwa ameachiwa na mama yake, naye mama yake alikuwa mkunga pia. Ilinuka moshi, mafuta ya kale, na kitu kingine chini ya hayo, harufu ya joto kama ya chuma. Ilikuwa laini kiasi kwamba ilimwagika mikononi mwake.

"Nilipoitwa mahali," akaniambia, "niliivua, nikamtandikia mwanamke. Wote unaowaona hapa wakitembea na viatu walidondokea hapa. Mama akisema neno na mwanawe asisikie, anamwonyesha alipotoka. Hamchapi, hamtukani. Anamwonyesha tu."

Nikamuuliza, na akikataa kutazama je?

"Hakuna anayekataa," akasema. Akaitundika kwenye kamba ndani ya nyumba, akaondoka kwenda kuwaona vikongwe wenzake, akaniacha na uchungu wangu wa aibu.

Maana niliona aibu, nikuambie ukweli. Mwalimu wangu wa sayansi kimu angekuwepo siku ile, mwalimu mwenye viatu vyeupe ambaye alitukagua kucha kila Jumatatu. Nilimwona akilini akishika pua. Nilimpenda susu na sikutaka achekwe. Nikawaza: mgeni anakuja, kila mtu anafua, nani amewahi kumfulia susu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikuambiwa kitu, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuniambia isiguswe na maji kwa sababu haikumpitia akilini kwamba mtu mwenye akili angeigusisha maji.

Mama alikuwa kilimani kutafuta maji. Nilichukua mtungi mzima wa akiba, ndiyo, mtungi mzima, nikamimina kwenye karai, nikachukua kipande cha sabuni na nyuzi za mkonge, nikasugua. Maji yaligeuka mekundu, kisha kahawia, kisha meusi. Yalitoa ile harufu ya chuma kwa nguvu mpaka nikageuza uso. Nilisugua hadi ngozi ikawa rangi ya uji. Yale maji niliyamwaga chini ya mpapai. Ili ngozi isijikunje nikageuza kinu juu chini uani, nikaweka juu yake kiondo kikubwa kilichojaa makapi, nikaivika pale, nikafunga mikufu kifuani vizuri, nikarudi nyuma nikafurahi. Jua la ule mwaka ulikuwa huliombi. Kufikia saa tisa ilikuwa imekauka. Niliondoa kiondo, nikavuta kinu kutoka chini yake, na ngozi haikuanguka.

Ilisimama. Ngumu kama ubao, mabega yake yametokeza, tumbo limejaa, upindo wa kauri umegusa ardhi pande zote. Mwanamke mzima bila kichwa wala miguu, amesimama uani petu saa tisa ya mchana, na kuku wote wamekwenda nyuma ya jikoni.

Susu aliporudi aliikuta hivyo. Nilitaka anipige. Alizunguka mara moja, akakigusa kifua chake kwa vidole viwili, kikatoa sauti ya debe tupu. Akaniuliza swali moja tu, nimeyamwaga wapi yale maji. Nikamwonyesha mpapai. Aliketi chini akautazama kwa muda mrefu. Mpapai ule ulizaa sana baadaye, nakuambia, matunda mpaka shina linalia, na susu hakuwahi kuonja hata moja.

"Umemwogesha," akasema mwishowe. "Basi ataenda mwenyewe."

Siku ya mgeni watu walijaa kwenye ukingo wa mto tangu asubuhi. Kulikuwa na maturubai, viti vya shule, soda kwa wakubwa. Wanawake wa kanisa walisimama upande mmoja na vitambaa vyao vyeupe kichwani, mama yangu kati yao, mtoto amelala kifuani. Mama alikuwa amesema waziwazi nyumbani kwamba hataki kusikia habari ya ngozi, hayo ni mambo ya giza, na yeye ameokoka. Nilisimama karibu naye. Ilikuwa saa saba, ile saa ambayo kwetu hata mbuzi hunyamaza, kivuli chako kiko chini ya nyayo zako na huna wa kukusindikiza.

Wakaja kutoka kwenye kichaka cha migunga, vikongwe tisa. Wanane walikuwa wamevaa ngozi. Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Wale bibi tuliowajua, wanaouza tumbaku ya kunusa na kulalamikia magoti, walikuwa wamekuwa warefu. Walitembea bila wimbo, bila kayamba, bila filimbi, na kitu pekee tulichosikia ni kauri zikigongana. Susu alikuwa wa mwisho, katika gauni lake la kila siku. Yeye na mwenzake walikuwa wamebeba ile ngozi yetu katikati yao, wima, kama watu wanaomshika mgonjwa kwapani.

Mgeni alianza kupiga makofi. Aliangalia kushoto na kulia akaona anapiga peke yake, akaacha.

Waliisimamisha mbele ya lango, kifua kimemwelekea mgeni na watu wote, wakakaa mchangani nyuma yake, wote tisa, migongo imetugeukia. Basi.   Naibu wa chifu alicheka kidogo, akamwambia mgeni kwamba hiyo ni ngoma ya kizamani, bado haijaanza. Akamwambia Mkubwa kwa sauti ya chini, "Toa hiyo kitu, tukate utepe."

Mkubwa alikwenda. Alikuwa na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, vikazama mchangani. Alipofika karibu, susu aliongea bila kugeuka.

"Shika tu, mwanangu. Ulishaishika kabla hujashika titi la mama yako. Ulikuja miguu kwanza. Ilikuwa siku mbili."

Aliinua mkono. Hakukuwa na upepo, nakuapia, majani ya migunga yalikuwa yamesimama. Kauri zililia, chwa, mara moja, pande zote za upindo. Mkono wake ulibaki hewani hivyo kisha ukateremka. Aligeuka akarudi, na uso wake haukuwa wa mtu mzima.

Ndipo mama yangu akatoka pale aliposimama. Aliniachia mkono, akapita mbele ya mgeni na mchungaji wa kanisa lake na mwalimu wangu wa viatu vyeupe, na kitambaa chake cheupe kichwani na mtoto kifuani, akaketi mchangani kando ya susu, akatupa mgongo. Kanisa lilimfungia meza ya Bwana miezi mitatu kwa sababu ya kitendo kile, na alikaa kiti cha nyuma miezi yote mitatu bila kulia. Nilimwogopa siku ile, na nilimpenda.

Mgeni aliangalia saa. Sherehe ikahamishiwa shuleni, watu wakanywa soda. Jioni vikongwe walikwenda nyumbani, ngozi ikabaki.

Hakuna aliyeilinda, na hakuna aliyeigusa. Fundi wa pampu alikuja kesho yake na pikipiki, akaitazama kutoka ukingoni, akasema amesahau spana. Ng'ombe wa gredi walipoletwa kunywa walisimama hatua ishirini, wakapuliza pua, wakarudi na mchungaji wao akikimbia mbele. Sisi watoto tulipita juu ukingoni tukienda kwenye maji ya chumvi, na tulikuwa na mchezo wa kutoangalia, na kila mmoja aliangalia. Siku ya kwanza mikufu ya kifuani ilitazama barabara ya wageni. Siku ya tatu ilitazama ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya mabati mekundu. Labda ni upepo. Labda mtu alikuja. Niliutafuta unyayo kwa macho kutoka juu, sikuuona.

Siku ya tano nikateremka peke yangu, saa saba, wakati mama amelala na mtoto. Nilitaka kumwomba msamaha. Unajua mtoto akiwa na hatia, hata ngozi ataiamkia. Mchanga ulichoma nyayo. Nilisimama mbele yake, na kitu kilichonipiga kwanza ni harufu ya sabuni, ile sabuni yangu, mbichi kabisa kana kwamba nimefua asubuhi ile. Nikasema, "Susu, nisamehe," na sijui kwa nini nilimwita hivyo. Kisha nikainama kuchungulia chini ya upindo, kuhakikisha kwamba ndani hamna mtu.

Hamkuwa na mtu. Lakini mchanga ulikuwa umelowa. Nje mchanga ulikuwa mweupe, mkavu, unapepea, na pale ndani, duara kamili, ulikuwa mweusi kwa maji, na maji yenyewe yalikuwa yanapanda taratibu, yanang'aa.

Najua, najua. Nimesoma, kivuli huhifadhi unyevu na pale palikuwa karibu na kisima. Najieleza hivyo kila mwaka. Siku ile nilipanda ule ukingo kwa mikono na miguu, nikamkuta susu anasokota mkonge, nikamwambia nilichokiona. Hakuacha kusokota. Aliuliza tu kama maji yale ni safi au yana rangi. Nikasema safi. Akasema, kwa ile sauti yake ya kazi ya ukunga, "Basi kumekaribia."

Kesho yake Mkubwa alikuja. Alikuja peke yake mchana kweupe, bila koti, na plaisi mkononi, akaanza kukata seng'enge. Habari zilienea tukajaa ukingoni. Hakuwa mtu wa kazi ya mikono, waya zilimrukia zikamchana hadi viwiko, na hakuna mwanaume aliyeshuka kumsaidia. Alizikunja nyaya zote nne, akang'oa lango, akaliburuta kando. Muda wote huo hakutazama ile ngozi hata mara moja. Alipomaliza akamwita susu. Susu alishuka polepole, akasimama.

"Susu, nimetoa," akasema. "Mwambie aende."

"Si mimi niliyemtuma. Mwambie wewe."

Na yule mtu mzima, ambaye walinzi wa ofisi yake Nairobi walimpigia saluti, aligeuka akaikabili ngozi tupu, akaiongelesha kwa Kikamba, polepole, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza alichotumwa. Hatukusikia maneno. Wale wenye ulimi mrefu kama mimi, ambao kwa kawaida tungecheka mpaka tuanguke, hatukucheka.

Jioni ile mama alichota maji kisimani, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Mdogo wangu yule sasa ana watoto watatu na tumbo la bia. Susu hakuichukua tena ngozi yake. Nilimuuliza, akasema mtu aliyefanya kazi haburutwi nyumbani, ataondoka akiwa tayari. Mvua ilinyesha mwezi wa kumi na moja, mto ukaja kwa kishindo, na maji yalipopungua pale palikuwa peupe. Hakuna aliyeiona ikichukuliwa. Susu alitufia miaka miwili baadaye, na wale vikongwe wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ngozi zao wakwe na wajukuu walizikuta ghalani wakazitupa kwa sababu ya mende, au wakawauzia wazungu waliopita. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Watu walikuwa wanazalia hospitalini sasa, na mimi mwenyewe ningekuchekea machoni ungeniambia nizalie kwingine.

Miaka ya tisini ilipoelekea ukingoni malori yakaja kuzoa mchanga. Yaliingia mtoni asubuhi yakatoka jioni, kila siku, na mto wa mchanga bila mchanga si mto, maji hayana pa kulala. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, kichwa kimejaa mipango. Ni mimi niliyewapanga wanawake. Tulishona fulana mjini zenye maandishi mekundu kifuani, Maji ni Uhai, na wachache wakavaa zile sketi za makatani juu ya nguo zao ili tuonekane tuna utamaduni. Tulikuwa wengi, wengi kuliko wale vikongwe tisa. Tukajipanga kwenye njia ya lori, pale pale kwenye kona yenye mwamba.

Dereva alikuwa kijana mzuri tu, alifunga redio yake alipotuona, akazima injini, akasubiri. Mama yangu alisogea mbele. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alimtazama yule kijana kwa muda, nami nikajua anachotafuta.

"Mwanangu," akamuuliza, "wewe ulizaliwa wapi?"

"Hospitali, mama," kijana akajibu kwa adabu.

Mama alifungua mdomo. Tulimngoja, wote, na fulana zetu mpya. Hakukuwa na nguo yoyote duniani ya kusimamisha mbele ya yule mtoto aweze kuijua. Kijana alingoja naye, hata alingoja vizuri, kisha akawasha injini, akaanza kusogea polepole ili asimwumize mtu. Mama akapisha. Wengine wakapisha. Mimi nilibaki peke yangu katikati ya njia na maandishi yangu kifuani, bampa ikanifikia karibu na magoti, joto lake likanigusa, nami nikapisha.